Mashine Inayojua Lugha

Jumanne, Torino. Ukungu umelala juu ya reli za tramu,
nami nimelaza bei mbili mezani:
yuro mia tatu na kumi, printa ya wino, ya dukani tu;
yuro elfu nne na mia mbili, ile inayojua postiskripti.
Tofauti yake ni kodi ya miezi mitano
na meno ya Ermanno, yanayongoja tangu Pasaka.

Ermanno hataki kusikia habari za meno.
Anabandika ukutani karatasi ya jana:
boksi la chokoleti la akina Vallauri,
nembo yao, yule kulungu wa dhahabu,
pembe zimetoka na vidato kama ngazi.
"Unaona, Vjollca? Printa hii haisomi. Inakisia.
Tumeipa kulungu, imetutolea mbuzi wa matofali."

Naona. Si kwamba sioni.
Ndani ya faili kulungu ni mahesabu:
mpindo unaoanzia hapa, unaoishia pale,
amri fupifupi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.
Mashine isiyojua lugha hiyo
hushika ile picha ndogo iliyobandikwa juu ya faili,
kivuli cha kuangalizia tu,
ikakuchapia kivuli, ikaapa ndio mwili.

Nimewahi kuwa mashine hiyo.
Mwaka wa kwanza, nilipofika kutoka Gjirokastra,
nilisikia nusu ya Kitaliano nikajibu yote.
Mwenye nyumba aliniambia bomba limeziba;
nikamshukuru, nikamtakia naye vivyo hivyo.

Lakini nauliza, maana funguo za kasha ninazo mimi:
mteja huitazama kazi kwa dakika ngapi?
Nimewahesabia. Mzee Vallauri, dakika sita,
nne kati ya hizo anatafuta miwani.
Binti yake huuliza bei. Mkwewe hunusa karatasi.
Na mwisho wa yote boksi lenyewe litachapwa Settimo,
kwenye mitambo mirefu kama mabehewa,
na rangi yetu ya hapa, ipendeze itakavyopendeza,
haitakuwa rangi ya kule.
Sasa tunanunua nini?
Ukweli, au nguo ya kuombea kazi?

Fiorenza, mdogo wetu, anasema dunia imekwenda mbele:
igeuzeni faili iwe PDF,
kompyuta itafsiri yenyewe, printa inywe uji uliokwisha poa.
Au kuna programu, yuro mia sita, ya kufanya ukalimani.
Ermanno anamkodolea macho kana kwamba katukaniwa mama.
"Mkalimani! Na siku mkalimani akiamka na homa,
saa mbili na nusu, mteja yuko kwenye lifti?"
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na Ermanno amekwisha anza kujikuna.

Alhamisi tukaenda kwa muuzaji, faili mfukoni.
Mashine ilinyamaza kidogo, kama mtu anayesoma barua,
kisha ikamtoa kulungu.
Mzima. Pembe zimechongoka, dhahabu haina tope.
Ermanno akavua glavu, akampapasa shingo.
Kidole kikasimama.

Pale kooni mipindo miwili haikukutana.
Mwanya, mwembamba kama unywele, mweupe pe,
kosa letu sisi, mkono wetu, tangu mchoro wa kwanza.
Wiki tatu ile printa mbovu
ilikuwa ikituzibia mwanya kwa wino uliovuja,
haijui inachoficha,
na sisi tunaitukana.

Muuzaji akaleta kalamu na hati ya mkopo.
Ermanno hakunitazama; alitazama koo.
Sikutia sahihi.
Niliuliza hapa dukani wanachapa karatasi moja kwa kiasi gani.
Yuro moja na senti arobaini, akasema, kwa unyonge.
Tutakuja, nikamwambia, kila mara kabla ya mteja,
tusomewe na anayejua kusoma.

Kwenye tramu Ermanno alikuwa amekwisha fungua daftari,
anachora shingo upya, ulimi umetokeza pembeni.
Nami nikampigia daktari wa meno.
Alikuwa na nafasi Jumatatu.